Lami Haifufui Bati Lililokufa

Ukitazama mapaa ya bati kutoka Mapinga hadi Bagamoyo mjini, kisha ukavuka mto Wami ukaelekea Mkange na Saadani, utayaona madoa meusi. Hapa ni duara juu ya kichwa cha msumari, pale ni mstari mrefu mahali mabati mawili yanapolaliana, kwingine upande mzima wa paa umepakwa hata rangi ya bati haionekani. Ni lami. Siandiki kuipinga. Lami baridi, ile inayouzwa kwenye debe ikiwa tayari kupakwa bila kuchemshwa, ni kitu chenye manufaa, na kazi ya kuipaka mwenye nyumba anaiweza kwa mikono yake. Ninachokipinga ni jinsi tulivyoifanya jibu la kwanza na la mwisho: paa likivuja, lami; likivuja tena, lami juu ya lami. Hoja yangu ni kwamba lami hufaa pale tu inapokuwa hatua ya mwisho ya matunzo ya paa, na matunzo yenyewe watu wa pwani tumeyaacha tangu tulipohama kutoka kwenye makuti.

Aliyelala chini ya makuti hakuhitaji kukumbushwa kwamba paa lina umri. Makuti ya viungo hukaa miaka michache, huanza kuoza, na kila mwenye nyumba alijua mapema ni mwaka gani ataezua na kuezeka upya. Makuti yalishonwa na kuwekwa tayari kabla ya mvua. Siku paa lilipokuwa wazi, fito zilikaguliwa, na ufito ulioliwa na mchwa ukabadilishwa hapo hapo. Bati lilikuja na sifa tofauti kabisa. Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari, alisajili hataza ya bati la migongo mjini London mwaka 1829. Miaka minane baadaye, mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa akasajili njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa ili kisishike kutu. Mambo hayo mawili yalipokutana, likapatikana paa jepesi, la bei nafuu, lisiloshika moto na lisilohitaji kuguswa kwa miaka mingi. Hapa kwetu bati likawa alama ya nyumba bora, na pamoja na alama hiyo ikaingia imani kwamba ukishaezeka umemaliza. Imani hiyo inamgharimu mtu wa Saadani kuliko inavyomgharimu mtu wa Dodoma.

Sababu ni chumvi. Zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Hata penye mkwaruzo, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na chuma kikabaki kizima. Kwa hiyo zinki ni akiba inayotumika kidogo kidogo kila siku, na hewa ya bahari huitumia kwa haraka. Chembe za chumvi zinazoletwa na upepo hutua juu ya bati, huvuta unyevu wa usiku, na unyevu huo wa chumvi ndio unaoila zinki. Ndiyo maana bati lilelile, la kiwanda kilekile, huisha mapema zaidi ufukweni Saadani kuliko Mkange iliyo ndani kidogo, na Mkange likaisha mapema kuliko Morogoro. Kuna mahali ambapo wengi hawapatazami. Mvua huosha chumvi ya juu ya bati, lakini haiwezi kuosha uvungu wake kwenye ukingo wa paa uliotokeza nje ya ukuta. Hapo chumvi hujikusanya mwaka hadi mwaka, na bati hutoboka kutoka chini kuja juu. Mwenye nyumba huona tundu, hupaka lami juu, na kutu huendelea chini kana kwamba hakuna kilichofanyika. Halafu kuna suala la unene. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Wapo wanaonunua geji 32 wakidhani ni imara kuliko 28 kwa kuwa namba imepanda. Bati la geji 32 halifiki hata theluthi ya milimita, na katika ukanda wa chumvi wembamba huo hauachi nafasi kubwa ya kuchelewa.

Sasa tuiangalie lami yenyewe juu ya bati hilo. Chuma hurefuka kikipata joto. Bati la mita 3 ambalo alfajiri lina nyuzi 22 na adhuhuri likafika nyuzi 62, jambo la kawaida kabisa mwezi Februari, hurefuka karibu milimita moja na nusu, kisha jioni hurudi lilivyokuwa. Mchezo huo hurudiwa kila siku, mwaka mzima, na sehemu inayoumia zaidi ni tundu la msumari, kwa kuwa msumari umeshikwa na papi ilhali bati linakwenda na kurudi. Lami ya kawaida huanza kulainika karibu na nyuzi 50. Bati tupu kwenye jua kali hupita hapo, na lililopakwa weusi hupata joto zaidi. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo lami hulainika na kushuka taratibu kwenye mteremko, ikaacha wembamba pale ilipotakiwa kuwa nene. Baadaye jua huikausha, ikawa ngumu, ikapoteza uwezo wa kunyumbuka, na milimita ile moja na nusu ya kila siku sasa inaipasua. Maji huingia kwenye ufa huo na kukaa kati ya lami na bati, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha. Ikiwa chini yake kulikuwa na kutu na chumvi ambavyo havikuondolewa, mpakaji amejenga mahali pazuri kabisa pa kutu kustawi. Na lipo la zaidi: lami inapochakazwa na jua hutoa tindikali kidogo, mvua ikaipeleka chini, na tindikali hiyo huila zinki ya mabati yaliyo chini ya doa pamoja na gata. Anayepaka sehemu ya juu ya paa bila kuikinga na jua anaweza kuwa anaharibu sehemu ya chini iliyokuwa nzima.

Mafundi wa majahazi wa pwani hii walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya kuwapo debe la lami dukani. Chombo kinachovuja hakipakwi tu. Kwanza fundi hutafuta mshono uliofunguka, hukwangua pamba ya zamani, kisha hukalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hugongelewa kwa patasi na nyundo mpaka ishibe ndani ya mshono. Ubao uliooza hutolewa ukatiwa mwingine. Baada ya yote hayo ndipo chini ya chombo hutiwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na deheni hiyo hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, jahazi likilazwa ufukweni maji yakipwa. Hakuna nahodha wa Bagamoyo ambaye angekubali kwenda Unguja na chombo kilichotiwa deheni juu ya mshono ulio wazi. Lami kwenye paa inastahili nafasi ileile ya deheni: mlinzi wa kazi iliyokwisha kufanywa, na mlinzi wa muda.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani huanza kwa kutafuta, na kutafuta kunahitaji subira. Tone linaloanguka kitandani mara chache huwa limeingilia juu ya kitanda. Maji hupita kwenye tundu, hufuata mgongo wa bati au papi kwa mita moja au mbili, kisha huanguka. Njia ya uhakika ni mtu mmoja kubaki ndani na mwingine kumwaga maji juu, akianzia chini ya paa na kupanda hatua kwa hatua, ili tone likionekana ijulikane ni mstari upi ulioliita. Mara nyingi itakutwa kwamba tatizo halihusiani na kutu hata kidogo. Msumari umepigwa bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Au mpira wa msumari umekauka na kukatika. Au bati la juu halikulala vya kutosha juu ya la chini, na mvua ya upepo inasukumwa kinyume. Au mteremko ni mdogo mno, kosa ambalo limekuwa la kawaida katika nyumba za kisasa ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta. Majani yakiziba gata la ndani, maji hupanda na kuingia darini bila kuhitaji tundu lolote. Katika kila hali kati ya hizo, tiba ni nyundo, msumari mpya wenye mpira, au bati moja kusogezwa. Lami ingeficha kosa tu.

Palipo na tundu dogo katika bati ambalo bado lina uhai, hapo lami ina kazi, na ifanywe vizuri. Wakati wake ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli haijafika, na saa yake ni umande ukishakauka. Bati lioshwe kwa maji baridi na sabuni mpaka chumvi itoke. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya pale tu ilipo, maana brashi ikipitishwa kila mahali inaondoa zinki iliyobaki. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwanza na ikauke. Kisha lami tabaka la kwanza, kipande cha kitambaa cha nyuzi za plastiki au za kioo kikandamizwe ndani yake kikiwa kimezidi tundu kwa upana wa kiganja kila upande, na tabaka la pili lipakwe kukata lile la kwanza baada ya kukauka. Kitambaa ndicho kinachobeba ule mwendo wa kila siku; lami peke yake haiwezi. Mwishoni ipakwe rangi nyeupe au ya fedha inayofaa juu ya lami, ili jua lirudishwe. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, penye papi chini yake, na asipande peke yake. Nyumba yenye paa kuukuu la asbesto isiguswe kwa brashi wala kukwanguliwa, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani.

Mahali ambapo lami baridi inaonyesha thamani yake hasa ni kwenye slabu ya zege na kwenye maungio ya ukuta na paa. Zege haliendi na kurudi kama bati, lami hushika vizuri juu yake, na ufa mdogo ukizibwa kabla maji hayajafikia nondo, nyumba imeokolewa na gharama kubwa sana. Hapo pia sharti ni lilelile: mteremko wa maji uwepo, zege likauke, nyufa zizibwe, ndipo lami. Nyumba za zamani za chokaa ni suala jingine. Mapaa bapa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo na ya Unguja yalijengwa juu ya boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwa kwa siku nyingi mpaka ikashikana. Chokaa hupitisha unyevu na kuutoa. Ukilifunika paa hilo kwa lami, unyevu ulio ndani hukosa njia, na boriti huoza gizani. Zanzibar inajua gharama ya kuchelewa: jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, baada ya roshani na paa lake kubomoka kwa vipande katika miaka iliyotangulia. Mwenye nyumba ya chokaa amtafute fundi wa chokaa.

Nitaambiwa kwamba maneno haya ni ya mwenye nacho. Mkulima wa ufuta wa Mkange hana fedha ya kubadilisha paa, na debe la lami ndilo analolimudu. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini nalisema hili kwa ajili yake kwanza, kwa kuwa ndiye anayepoteza zaidi debe linapoharibika bure. Msumari mpya ni rahisi kuliko lami ya kuufunika msumari mbovu. Kuosha chumvi kunahitaji maji na mikono. Bati moja lililooza likibadilishwa mwaka huu na jingine mwaka ujao, paa hupona polepole bila kuhitaji mkopo, ilhali madebe ya kila mwaka juu ya bati lililokufa hujumlika hadi bei ya mabati mapya na paa likabaki linavuja. Na maji yanayovuja hayaishii kwenye tone. Huozesha papi na kenchi, na mbao zikiisha, gharama si ya bati tena. Asiye na uwezo wa kulipia kosa mara mbili ndiye anayehitaji zaidi kujua mahali pa kuanzia.

Wengine watasema lami ya barabarani inatosha, nayo hupatikana bila bei kubwa penye ujenzi. Barabara ya lami inayojengwa kwa vipande kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge na Mkange hadi Pangani na Tanga imeifanya lami kuwa kitu kinachoonekana karibu na nyumba za watu. Lami ya barabarani si ya nyumbani. Hutumika ikiwa na joto linaloweza kupita nyuzi 150, na ikimwagikia mkono ngozi hutoka pamoja nayo. Kuiyeyusha kwa petroli au mafuta ya taa karibu na moto ni kujitafutia ajali, hasa katika ua wenye makuti. Tena zipo lami za aina mbili ambazo macho hayatofautishi: ile itokanayo na mafuta ghafi ya petroli na ile itokanayo na makaa ya mawe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka lami ya makaa ya mawe katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Lami ya petroli imo katika makundi ya chini ya hilo, lakini moshi wake nao haufai kuvutwa. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kupendelea lami baridi iliyotengenezwa kwa maji: haihitaji moto, haina harufu kali, na brashi yake huoshwa kwa maji kabla haijakauka.

Na maji ya kunywa? Hapa ndipo naona uzembe mkubwa kuliko wote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukanda wa Bagamoyo hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mita 10 kwa 8 hupokea karibu lita 80,000. Katika vijiji ambako ndoo hubebwa kichwani kwa mwendo mrefu, paa ni kisima cha familia, na kisima hicho hakifai kupakwa kitu ambacho debe lake halisemi kimeruhusiwa kukutana na maji ya kunywa. Mwenye kukinga maji ya paa abadilishe bati na msumari, atumie lami nje ya njia ya maji tu. Ikiwa tayari imepakwa, maji ya paa hilo yabaki ya kufulia, kumwagilia na kujengea, na ya kunywa yatafutwe kwingine.

Mabati mapya ya rangi yanapunguza tatizo, lakini hayaliondoi. Rangi hukwaruzwa siku ya kuezeka, misumari ni ileile, na uvungu wa ukingo bado hauoshwi na mvua. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mapema Mei 2024, kililikuta kila paa katika hali liliyoachwa nayo na mwenyewe, la rangi na lisilo la rangi.

Mengi ya haya yangekuwa rahisi kama debe lenyewe lingesema. Mnunuzi wa Mkange anastahili kusoma kwa Kiswahili, juu ya chombo alicholipia, kwamba lami iliyomo ni ya petroli au ya makaa, imechanganywa na maji au na kiyeyushi kinachowaka, inafaa zege au bati, lita moja inatosha mita ngapi za mraba, na maji yanayopita juu yake yananyweka au hayanyweki. Bati nalo liandikwe unene wake kwa milimita, si geji peke yake, pamoja na kiasi cha zinki iliyopakwa. Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka ya kudai hayo, na wenye viwanda wanazo taarifa zote tayari. Halmashauri za Bagamoyo na Chalinze nazo zina shule na zahanati nyingi za bati karibu na bahari; kila jengo la namna hiyo litengewe fungu dogo la misumari, brashi na mabati machache kila kipupwe, na liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, kabla ya kutengwa fedha za jengo jipya kando yake.